Siku 60 zimepita na kaunti imenyamaza: nichimbe msingi?

Swali: "Msanifu, salamu. Mimi ni mwalimu mstaafu. Nina ploti ya futi 40 kwa 80 hapa Utawala, Nairobi, na hati miliki iko kwa jina langu. Mwezi wa tatu msanifu wangu aliwasilisha ramani za nyumba ya kupangisha, ghorofa nne ukihesabu ya chini, bedsita 16 kwa jumla. Sasa ni mwisho wa mwezi wa sita. Kila nikimpigia simu ananijibu, 'Bado iko kwa kaunti.' Fundi wangu anasema sheria imeweka siku 60, zikipita bila jibu kibali kimejitoa chenyewe, kwa hivyo tuchimbe msingi kabla mvua ya Oktoba haijatukuta. Jirani naye amenikutanisha na kijana anayesema nikitoa shilingi 80,000 ataniletea ramani zenye muhuri kabla ya Ijumaa. Hizi ni pesa za kiinua mgongo changu. Nimsikilize nani?"

Jibu:

Mwalimu, usichimbe bado, na huyo kijana usimpe hata shilingi moja. Nimeyatanguliza hayo mawili ili ulale ukijua. Sasa nikueleze kwa nini, maana fundi wako hajakudanganya. Amekuambia nusu ya ukweli, na ni ile nusu iliyoandikwa.

Sheria anayoitaja ni Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019. Kifungu chake cha 57 kinasema hakuna ruhusa ya kuendeleza ardhi ndani ya kaunti bila kibali cha kaunti. Anayeanza bila kibali anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 500,000, au kufungwa kwa muda usiozidi miezi 2, au yote mawili. Kisha anaweza kuamriwa airudishe ardhi jinsi ilivyokuwa ndani ya siku 90, yaani afukie alichochimba na kubomoa alichojenga kwa gharama yake. Kifungu cha 58 ndicho fundi wako amekishika: mwombaji asipopata jibu la maandishi ndani ya siku 60, ruhusa itachukuliwa kuwa imetolewa. Maneno hayo yapo kweli. Yaliwekwa ili afisa asikalie faili ya mtu mwaka mzima, na mimi nayaheshimu kwa sababu nilianza kazi hii wakati faili zilikuwa za karatasi na zingeweza kupotea kabisa kati ya dawati moja na lingine.

Lakini tazama neno lenyewe: "jibu la maandishi." Siku hizi ramani za Nairobi hupelekwa kwa njia ya mtandao, katika mfumo wa kaunti. Mkaguzi akifungua faili yako siku ya 20 na kuandika, "Onyesha mahali pa kuegesha magari," au "Cheti cha reti hakijaambatishwa," yaani cha kodi ya ardhi ya kaunti, hilo ni jibu la maandishi. Kaunti haijanyamaza tena. Ni wewe, au tuseme ni anayekuwakilisha, ambaye hajajibu. Na mwenye akaunti katika mfumo ule ni msanifu wako. Maoni yakija yanakuja kwake, ankara ya ada ikitolewa inaonekana kwake. Wewe mwenye ploti na mwenye pesa unasikia tu kwenye simu kwamba "bado iko kwa kaunti".

Kwa hivyo jambo la kwanza, kabla ya fundi, kabla ya wakili, kabla ya yeyote wa City Hall, makao ya kaunti, ni kwenda kukaa na msanifu wako ofisini kwake, bega kwa bega, akufungulie akaunti uone kwa macho yako. Usikubali kusomewa. Mwombe akuonyeshe tarehe ambayo ombi lilipokelewa, si tarehe aliyomaliza kuchora. Mwombe akuonyeshe ankara ya kaunti na risiti ya malipo, kwa sababu ombi ambalo ada yake haijalipwa halisongi, hata likikaa mwaka. Kisha akuonyeshe idara ambazo faili imepitia, na kila neno wakaguzi waliloandika.

Katika miaka yangu ya kazi hii, mara nyingi nilipoitwa kuokoa kibali "kilichokwama kaunti", nilikuta kimekwama kwenye akaunti ya aliyekiomba. Ombi moja silisahau. Mwenye ploti, upande huo huo wenu wa mashariki, alingoja zaidi ya miezi mitatu. Tulipofungua tukakuta mstari mmoja tu wa maoni, umekaa pale tangu wiki ya tatu: namba ya ploti kwenye hati miliki haikulingana na namba ya akaunti ya reti. Ardhi ile ilikuwa imegawanywa zamani, kila mnunuzi akapata hati yake, lakini reti za kaunti bado zilikuwa zinasomeka kwa ploti mama, na deni lote la ploti mama likawa linamning'inia yeye. Hakuna mchoro ambao ungelitatua hilo. Ilibidi aende na hati, sachi rasmi ya Ardhisasa, mfumo wa ardhi wa serikali mtandaoni, na ramani ya mpimaji, afunguliwe akaunti yake, alipe sehemu yake, ndipo cheti cha reti kikatoka. Mara tu baada ya hapo faili ilianza kusonga. Utawala ina ploti nyingi zilizozaliwa hivyo hivyo, kwa kugawanya mashamba makubwa, kwa hiyo nakusihi uangalie hilo hata kabla hujafika kwa msanifu. Chukua hati yako, chukua risiti ya mwisho ya reti, linganisha namba. Tofauti ya tarakimu moja yatosha kusimamisha kila kitu.

Ikiwa namba zinalingana na ada imelipwa, basi shuku ramani yenyewe. Hapa nataka twende polepole, kwa sababu ndipo kiinua mgongo cha watu wengi huzama.

Kila sehemu ya Nairobi iko katika kanda, na kila kanda ina vipimo viwili vinavyoamua ukubwa wa jengo lako. Cha kwanza ni kiasi cha ploti kinachoruhusiwa kufunikwa na jengo. Cha pili ni uwiano wa ploti, yaani ukijumlisha eneo la sakafu za ghorofa zote, jumla hiyo ni mara ngapi ya ukubwa wa ploti. Sasa piga hesabu yako. Futi 40 kwa 80 ni kama mita za mraba 297. Tuseme kanda yako inaruhusu kufunika nusu: ghorofa moja haitazidi mita za mraba 148. Tuseme tena uwiano ni asilimia 100: jumla ya sakafu zote ni 297, na hizo ni ghorofa mbili tu. Ukitaka ghorofa nne za ukubwa huo, unahitaji kanda yenye uwiano wa asilimia 200. Kwa hivyo msanifu anaweza kukuchorea nyumba nzuri ya bedsita 16, kila kitu kimepangika, na bado ikawa haiwezi kupita kwa sababu ploti yako imeruhusiwa nusu yake. Mwulize swali hili kwa maneno haya haya: "Kanda yangu ni namba ngapi, inaruhusu kufunika asilimia ngapi, na uwiano wake ni upi?" Akisitasita, umeshapata jibu la miezi mitatu.

Najua utaniambia mbona jirani amejenga ghorofa sita kwenye ploti kama yangu. Kila mteja huniambia hivyo, na wa Kileleshwa na Kilimani huniambia kwa sauti zaidi, kwa kuwa mwongozo wa kanda wa mwaka 2004 uliwawekea ghorofa nne na leo wanaishi chini ya vivuli vya majengo ya ghorofa zaidi ya kumi. Jengo la jirani si kibali chako. Pengine aliomba kubadilishiwa matumizi, pengine hakuomba kitu na siku yake haijafika. Faili yako itapimwa kwa kanda, haitapimwa kwa ukuta wa jirani.

Na hapo pana neno lingine: matumizi. Soma masharti yaliyomo kwenye hati yako. Ikiwa ardhi imeandikwa ya kilimo, au ya makao ya familia moja, nyumba ya kupangisha familia 16 ni matumizi mengine. Itabidi kwanza uombe kubadilisha matumizi, na ombi hilo huandaliwa na mpangaji miji aliyesajiliwa, si msanifu. Lina matangazo ya magazetini na ubao unaosimamishwa kwenye ploti ili majirani waseme wanalosema. Hii peke yake huchukua muda, na msanifu aliyeruka hatua hii akapeleka ramani moja kwa moja amekupotezea miezi bila kukuambia.

Jambo moja la karibuni pia. Kuanzia tarehe 1 Machi 2025 tuna Kanuni mpya za Kitaifa za Majengo, za mwaka 2024, zilizochukua nafasi ya zile za mwaka 1968. Baadhi ya wenzangu bado wana ramani za zamani kwenye kompyuta, wanabadilisha jina la mteja na namba ya ploti, wanapeleka. Ramani ya namna hiyo inaweza kurudi na maoni ukurasa mzima. Si aibu kumwuliza msanifu wako kama ameichora nyumba yako au ameitoa kabatini. Na ukiwa unauliza, omba kuona leseni yake ya mwaka huu kutoka kwa Bodi ya Usajili wa Wasanifu na Wakadiriaji Majenzi. Mtu mwenye leseni hakasiriki akiombwa. Wako wachoraji hodari mtaani ambao hawajasajiliwa, na wao humwazima mtu muhuri. Siku ya matatizo utakuwa na muhuri wa mtu ambaye hajawahi kukanyaga ploti yako.

Kuna idara nyingine ambazo faili yako hupelekwa ili zitoe maoni: barabara, afya ya umma, mazingira, upimaji ardhi na kadhalika. Kwa ploti ya Utawala nitazitaja mbili tu zinazoweza kukuletea shida. Mko karibu na njia za ndege, kwa hivyo urefu wa jengo huenda ukahitaji barua ya Mamlaka ya Usafiri wa Ndege, KCAA. Ya pili ni maji taka. Kama bomba la maji taka halijafika barabarani kwenu, familia 16 zitatumia shimo au biodaijesta, na lazima ramani ionyeshe mahali pake, ukubwa wake, na jinsi gari la kunyonya litakavyoingia. Kwenye ploti ya futi 40 nafasi hiyo haipatikani kwa bahati, inachorwa tangu mwanzo. Kama unapanga kuchimba kisima cha maji, hiyo ni ruhusa nyingine ya Mamlaka ya Rasilimali za Maji, na kisima hakitakiwi kukaa karibu na shimo lako wala la jirani. Na kama ploti imepakana na mto au kijito, pima kabla ya kufanya lolote: kanuni za ubora wa maji za mwaka 2006 zinataka uache kuanzia mita 6 hadi mita 30 kutoka ukingoni, kufuatana na pale maji yalipofika mafuriko yalipozidi kabisa. Tuliyoyaona Mathare na Mukuru mwaka 2024, mafuriko kisha matingatinga, yatosha.

Sasa turudi kwa fundi na siku zake 60. Tuseme umeketi na msanifu, umeona kila kitu kiko sawa: ada ililipwa, namba zinalingana, kanda inaruhusu, hakuna hata neno moja la mkaguzi, na siku zimezidi 60. Kwa maneno ya sheria una haki. Hata hivyo bado nasema usichimbe. Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, NCA, inataka mradi usajiliwe kabla ya kazi kuanza, na inapousajili inaomba ramani zilizoidhinishwa na kaunti, leseni ya NEMA (mamlaka ya mazingira), mkandarasi aliyesajiliwa na wataalamu wenye leseni. Kimya cha kaunti hakiambatishwi kwenye fomu. Benki nayo, ukija kuhitaji mkopo wa kumalizia, itaomba ramani zenye idhini. Na askari wa kanjo, yaani wa kaunti, atakaposimama kwenye lango la saiti hatafungua kitabu cha sheria. Atauliza kibali kiko wapi, na usipokuwa nacho ataondoka na koleo, mikokoteni na pengine fundi mwenyewe. Utashinda mahakamani, ndiyo, huenda. Lakini shimo litakuwa wazi, mvua ya Oktoba itakuwa imeingia, na wakili atakuwa anakula simiti yako.

Nilimwona mteja mmoja akifanya hivyo, kinyume na nilivyomshauri. Alichimba siku ya 65. Siku ya 70 kazi ilisimamishwa, kwa sababu kumbe maoni ya kaunti yalikuwa yametumwa siku ya 41 kwa anwani ya barua pepe ambayo ofisi iliyomchorea haikuwa ikiisoma. Mtaro ulikaa wazi msimu mzima wa mvua, ukuta wa jirani ukapasuka, akalipa vyote viwili. Ningependa sana wewe usipitie hayo.

Badala ya jembe, tumia barua. Siku 60 hizo ni kigingi cha kufungia dai lako. Mwambie msanifu aandike kwa afisa mkuu wa mipango ya mji wa kaunti, ataje namba ya ombi, tarehe ya kupokelewa, risiti ya ada, ataje kifungu cha 58, na aombe jibu la maandishi au uthibitisho kwamba ruhusa imechukuliwa kuwa imetolewa. Aambatishe picha ya ukurasa wa mfumo unaoonyesha hakuna maoni. Nakala nyingine ipelekwe kwa mkono, ipigwe muhuri wa kupokelewa, urudi nayo nyumbani. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 47, inakupa haki ya kutendewa na ofisi ya umma kwa haraka na kwa haki, na kupewa sababu kwa maandishi unapoathirika. Iandike pia hiyo, kwa adabu. Nimeona barua ya ukurasa mmoja iliyotulia ikifanya kile ambacho safari 10 za City Hall hazikufanya.

Jibu likija la kukataa, angalia tarehe papo hapo. Una siku 14 tu za kukata rufaa kwa Kamati ya Maelewano ya Mipango ya kaunti, na baada yake kuna Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Siku 14 huisha haraka, hasa kama barua ya kukataa imelala kwenye akaunti ya mtu mwingine. Ila mara nyingi kukataliwa huwa kwa sababu inayorekebishika, na kurekebisha ramani ni nafuu kuliko kushtaki.

Kuhusu kijana wa shilingi 80,000: muhuri anaouza ama ni wa kuchongwa mtaani, ama ni wa mtu anayeiba kazini. Vyovyote iwavyo, hautakuwa ndani ya mfumo, na NCA au benki wakiutafuta hawatauona. Utakuwa umelipia karatasi ya kukushtaki. Na ukishamlipa mara moja atarudi kila hatua. Tumemaliza naye.

Naomba sasa nizungumzie kitu ambacho hukuniuliza, nacho ndicho kinachoninyima usingizi ninaposoma barua kama yako. Umesema fundi anataka kuchimba msingi. Je, kuna mtu aliyemwambia achimbe hadi wapi?

Upande wenu wa mji, kuanzia Embakasi kuendelea, ardhi nyingi ina ule udongo mweusi unaonasa viatu mvua ikinyesha na kupasuka nyufa za kuingia mkono jua likiwaka. Udongo huo huvimba ukilowa na kusinyaa ukikauka, na huinua na kushusha chochote kilichokaa juu yake. Fundi aliyezoea kujenga kwenye udongo mwekundu wa upande wa Kiambu anaweza kuweka msingi wa futi tatu akaridhika. Kwenu msingi huo umekaa juu ya kitu kinachopumua. Lazima udongo mweusi uondolewe mpaka ufike kwenye mwamba au murram ngumu, au mhandisi achore msingi wa namna nyingine unaoweza kuhimili. Kinachoamua ni kipimo cha udongo: mashimo machache ya majaribio, sampuli zipelekwe maabara, ripoti itolewe. Hiyo shilingi 80,000 ya kijana ungeiweka hapo.

Ndiyo maana ramani za msanifu hazitoshi. Zikiidhinishwa, kuna ramani za miundo ambazo huandaliwa na mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Wahandisi, nazo pia hupelekwa kaunti kuidhinishwa: ukubwa wa msingi, nondo ngapi katika kila nguzo, unene wa slabu. Watu wengi hushangilia idhini ya kwanza na kuanza kazi, hawajui kuna ya pili. Mwulize msanifu wako leo kama mhandisi ameshapatikana. Kama hajapatikana, tumia wiki hizi za kungoja kumtafuta, na umpeleke kwenye ploti. Hakuna sheria inayokukataza kupima udongo wako wakati kibali kinangojwa.

Tarehe 29 Aprili 2016, mvua kubwa ikinyesha, jengo la ghorofa sita lilianguka Huruma, karibu na mto. Watu zaidi ya 40 walikufa, wapangaji waliokuwa wamelipa kodi kama watakavyokulipa wewe. Lilikuwa limejengwa bila idhini. Desemba 2019 jingine likaanguka Tassia, si mbali na kwenu. Mimi sioni kibali kama karatasi ya kumridhisha askari wa kanjo. Kwangu ni ile siku ambayo mtu mwingine mwenye ujuzi, asiyelipwa na mwenye nyumba, anakaa chini na kuuliza kama nguzo hii itabeba mzigo huu. Mkaguzi akiwa mzembe, siku hiyo inapotea. Ukinunua muhuri, umeifuta wewe mwenyewe.

Kibali kikishatoka, usifungue saiti kabla ya kusoma ukurasa wa masharti, ule ambao watu huukunja na kuuweka nyuma ya faili. Humo ndimo wanamosema uache nafasi gani mbele, uwaite wakaguzi lini, na mengineyo. Leseni ya NEMA kwa nyumba kama yako kwa kawaida haihitaji ile tathmini kubwa ya mazingira, bali ripoti fupi ya mtaalamu aliyesajiliwa nao, na inaweza kuandaliwa sasa. Mkandarasi awe na leseni ya NCA ya daraja linalotosha gharama ya jengo lako. Kuna madaraja 8, na la 8 ndilo la chini. Fundi wako anaweza kuwa hodari kabisa wa kupanga mawe ya Ndarugo, lakini kama hana leseni itabidi afanye kazi chini ya aliye nayo. Mweleze mapema ili msikosane. Ubao wenye majina ya wataalamu na namba za idhini usimame langoni tangu siku ya kwanza.

Mhandisi aje kabla ya msingi kumwagwa zege, na aje tena kabla ya kila slabu kumwagwa, nondo zikiwa bado zinaonekana, maana zege ikishamwagwa hakuna anayeweza kuhesabu. Kila siku ya zege zitengenezwe tofali ndogo za majaribio, za milimita 150 kila upande, zivunjwe maabara siku ya 7 na siku ya 28. Ni gharama ndogo sana kwa jengo la ghorofa nne. Mwaliko wa mkaguzi wa kaunti uende kwa maandishi, na ubaki na nakala. Mwishoni kuna cheti cha kuruhusu watu kuingia, na mpangaji wa kwanza asilete godoro kabla hakijatoka.

Kuhusu mvua ya Oktoba, usikimbizwe nayo. Ukianza Agosti ukiwa na ripoti ya udongo na ramani za mhandisi, unaweza kuwa umetoka ardhini kabla haijaja. Ukichelewa, subiri Januari. Udongo mweusi uliolowa si wa kujenga juu yake hata ukiwa na vibali vyote.

Jumatatu, basi, beba hati miliki, risiti ya reti, kitambulisho na daftari, uende kwa msanifu wako. Usiende kwa hasira, huenda naye amebanwa mahali na hakujua jinsi ya kukuambia. Nakili kila neno lililoandikwa kwenye ukurasa wa ombi lako kama lilivyo, hata usilolielewa, pamoja na tarehe zake. Kisha niandikie tena, nikufafanulie maneno ya wakaguzi yanamaanisha nini na nani anapaswa kuyajibu.